Kanga Aliyechelewa Kuitika

Muulize mtu yeyote wa Chuo cha Ararat, kule kusini mwa Alabama, ni kosa gani mgeni asithubutu kulifanya siku yake ya kwanza. Hatakutajia kuchelewa darasani, wala kumjibu mwalimu ovyo. Atakwambia usikalie benchi la wenyewe. Kila chama cha dada au cha kaka, vile vyama vya wanafunzi wanaoapa undugu wa maisha, kina kipande chake cha uwanja, na kwenye kipande hicho kuna benchi lenye rangi zao, na benchi hilo hulikalii mpaka uwe umeapishwa. Mvua inyeshe, jua liwake, uwe na mimba ya kujifungua kesho, utasimama.

Vernetta Tolliver, mwenye umri wa miaka hamsini na saba na magoti yaliyomzidi umri, alilikalia.

Tena alilikalia akiwa na heshima zake zote, na hapo ndipo penye utamu. Mila alizijua. Kipande cha Kanga alikijua tangu ujana wake, kilikuwa chini ya mwaloni mkubwa unaotazamana na kanisa la chuo. Jina lao rasmi ni dada wa Rho Theta Mu, lakini nembo yao ni ndege kanga, rangi zao chungwa na kijivu, na hakuna mtu Ararat anayejisumbua na jina refu. Basi Vernetta alipotoka kwenye darasa lake la kwanza, jua la Agosti likimchoma utosini, aliuzunguka ule mwaloni kwa mbali, macho chini, kama mtu apitaye makaburini. Akafika nyuma ya maktaba, akaona benchi kivulini, akakaa, akavua viatu, akafungua mkate wake wa kambare wa kukaanga. Hakujua kwamba tufani iliuvunja mwaloni ule matawi, Kanga wakahamishiwa nyuma ya maktaba, na pale pa zamani sasa ni pa mapipa ya taka. Maskini, heshima zote zile alikuwa ameyapa mapipa. Rangi ya chungwa ya benchi ilikuwa imepauka, na miwani yake ilikuwa chini kabisa ya mkoba.

"Samahani mama," sauti ilisema, kwa ile adabu inayotangulia ugomvi. "Hapo ulipokaa pana wenyewe."

Vernetta aliinua uso, shavu limejaa kambare. Mbele yake walisimama wasichana watatu wenye fulana za rangi ya chungwa, na yule wa mbele, mwembamba, mikono kiunoni, alianza kulegea uso.

"Bi Vernetta? Bi Vernetta wa basi?"

"Zaniyah Crenshaw!" Vernetta alimeza. "Si wewe uliyenitapikia kiti cha pili siku ile ya keki?"

"Bi Vernetta, jamani, mbele za watu!"

"Na kutapika ulitapika mbele za watu, mwanangu."

Wale wawili walicheka hadi wakashikana. Zaniyah alikuwa mkuu wa tawi la Kanga chuoni, msichana ambaye hata walimu walimwogopa kidogo, na siku hiyo heshima yake ilipata pigo ambalo halikupona upesi. Ni hapo tu, macho yake yakizoea kivuli, Vernetta alipotazama chini akaona alichokikalia. Aliruka kama aliyekalia jiko. Peku vilevile, akaanza kulifuta benchi kwa upindo wa sketi yake, akisema nisameheni, nisameheni wanangu, sikujua limehama, Mungu anajua sikujua.

Zaniyah aliliona jambo hilo na akalitia moyoni. Mtu asiyezijua mila huomba radhi mara moja akaenda zake. Huyu mama alikuwa bado anafuta.

Vernetta aliendesha basi la shule la wilaya ile kwa miaka thelathini. Nusu ya watu wazima wa pale aliwapeleka shule wakiwa na kamasi puani. Alikuwa na sauti ya kuzima fujo bila kugeuza shingo, na neno lake moja lililojulikana kila nyumba: "Kaa chini, sijakuruhusu kushuka." Mumewe Roscoe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata yeye aliposikia neno hilo usingizini alikaa. Alipostaafu, watu wa kanisani walidhani atafuga kuku. Yeye akajiandikisha chuo.

Kusema kweli alikuwa anarudi chuo. Mwaka 1983 Vernetta alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa katika uwanja huohuo, mwanafunzi wa ualimu, na alikuwa mstarini. Ndivyo mtu anavyoingia Kanga. Wanaotaka kuingia hupangwa kwa kimo, mfupi mbele, mrefu nyuma, kila mmoja na namba yake, na kwa wiki kadhaa hujifunza pamoja historia na nyimbo na ngoma ya vishindo, hula pamoja, hutembea pamoja mmoja nyuma ya mwingine kama kanga wavukao barabara, mpaka siku ya kuapishwa, ambayo wao huiita kuvuka. Mstari wao ulikuwa wa wasichana saba, warefu watupu, na Vernetta alikuwa namba nne. Namba tatu alikuwa Charlesetta Gibbs, binti wa mchungaji, mwenye mdomo usiokuwa wa binti wa mchungaji hata kidogo. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Ngoma yao ilimalizika kwa makofi: kila mmoja anampiga wa pili yake kiganjani, tatu kwa nne, nne kwa tano, mlio ukikimbia mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Walilirudia pigo hilo hadi viganja vikavimba.

Wiki moja kabla ya kuvuka, simu ikaja. Mama yake alikuwa ameanguka jikoni, kiharusi, na nyumbani kulikuwa na wadogo zake wasiojua hata kuwasha jiko. Vernetta aliondoka na basi la alfajiri bila kumwamsha mtu, kwani alijua Jumapili atarudi. Jumapili ile haikufika. Mama aliishi miaka mingi bila mkono wa kulia, wadogo walihitaji kula, na wale sita walivuka bila yeye.

Sasa, kwa Kanga, aliyeacha mstari hana jina zuri. Hakuna aliyemwambia Vernetta neno baya, lakini hakuhitaji kuambiwa, alijiambia mwenyewe. Aliamini kwamba aliwavunjia wenzake mstari, kwamba walisimama mbele ya chuo kizima wakiwa na pengo na aibu, na kwamba kila walipomkumbuka walisonya. Maji yakimwagika hayazoleki, akawa anasema, na kila mwaka ilipofika Siku ya Kurejea, wakati wahitimu wote wanapomiminika Ararat kwa mpira na nyama choma na ngoma, Vernetta alikuwa na udhuru uleule. Jumamosi hiyo aliosha basi. Lilikuwa basi safi kuliko yote Alabama.

Mara moja tu walikutana, kama kule unaweza kukuita kukutana. Vernetta alikuwa dukani akichagua mboga akamwona Charlesetta mwisho wa njia, amenenepa kidogo, amekumbatia tikiti maji. Vernetta, mwanamke mrefu kama mlingoti, akainama nyuma ya mafungu ya sukuma wiki. Ndipo Charlesetta alipoinua kidevu, katikati ya duka, na kutoa mwito wa Kanga: "Kerekekeee!"

Mwito huo una jibu lake. Kanga akiusikia huitika "Kee! Kee!" popote alipo, iwe kanisani, iwe mahakamani, iwe kwenye meza ya upasuaji kabla dawa haijamlaza. Lakini asiyevuka hana haki ya kuitika. Akiitika ni mwizi, basi. Jibu lilimkaa Vernetta kooni, likamwasha. Alilimeza. Alijiambia kwamba Charlesetta ameona dada mwingine, au kwamba anamkejeli tu, akaacha kikapu chake pale chini akatoka na mlango wa pembeni. Tangu siku hiyo alinunua mboga mji wa pili.

Huyo ndiye mwanamke aliyelifuta benchi kwa sketi.

Baada ya siku ile wasichana hawakumwachia nafasi. Zaniyah alimletea kiti kivulini, kiti cha kawaida, akamwekea karibu na benchi kiasi kwamba magoti yake yalikuwa kwa Kanga ingawa yeye mwenyewe hakuwa. Treasure Malone, msichana wa mwaka wa kwanza aliyekaa naye darasa la hesabu, alimfundisha kutumia kompyuta, na yeye akamfundisha Treasure kutolia kabla ya kulisoma swali. Jumapili walijaa jikoni kwake wakila pai ya pichi na kumsimulia mambo ya wavulana ambayo mtu mzima hapaswi kuyasikia, na aliyasikia yote.

"Bi Vernetta, ingia Kanga," Zaniyah alisema siku moja, akilamba kijiko. "Umri hauna kikomo. Alama unazo. Tabia unayo, ukiacha kututangazia watu matapishi yao."

"Mimi? Nicheze vishindo na magoti haya? Yatalia kuliko ngoma."

"Yatakuwa mdundo wa ziada."

"Acha utani, mwanangu." Lakini usiku huo alikaa kitandani akiwa na viganja vyake wazi mapajani, akivitazama. Alitaka. Alikuwa ametaka kwa karibu miaka arobaini, na kutaka kwenyewe kulikuwa hakujazeeka hata siku moja. Alichokiogopa ni swali.

Na swali likaja. Februari, yeye na wengine walioomba waliitwa mmoja mmoja kuhojiwa. Vernetta aliingia na suti yake ya bluu ya kanisani, akakaa mbele ya wasichana wanane ambao kwa haki walipaswa kuwa ndio wanaomwogopa.

"Je," Zaniyah alisoma, kwa sauti ya kiofisi, "umewahi kuanza safari hii hapo awali usiimalize?"

Angeweza kusema hapana. Nani angejua? Vernetta aliwasimulia yote, simu, mama, basi la alfajiri, mpaka sukuma wiki.

"Mwaka gani?" mmoja aliuliza polepole.

"Themanini na tatu."

"Ulikuwa namba ngapi?" aliuliza Zaniyah.

"Nne."

Msichana mmoja aliziba mdomo kwa mkono. Wengine walitazamana, halafu wakamtazama Zaniyah, na Zaniyah akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayesema nyamazeni. Vernetta aliyaona yote hayo na akayasoma kwa miwani ya hofu yake. Kumbe hata watoto hawa wameambiwa. Kumbe namba nne ni hadithi ya aibu inayorithishwa. Alichukua mkoba wake akainuka.

"Bi Vernetta," Zaniyah alisema. "Kaa chini. Hatujakuruhusu kushuka."

Alikaa. Miguu ilikaa yenyewe.

Walimpokea, na yaliyofuata chuo kizima kinayasimulia mpaka leo. Mstari ule ulikuwa wa watano, na Vernetta kwa urefu wake akawa namba tano, mkiani, nyuma ya Treasure. Wakatembea kwenda kula, wasichana wanne wa miaka kumi na tisa na bibi mmoja, hatua sawa, macho mbele, na wapishi wa chuo wakatoka jikoni kutazama. Kila aliye mstarini hupewa jina la utani na dada wakubwa. Treasure aliitwa Chozi. Vernetta aliitwa Breki ya Mkono, kwa sababu kila mazoezi yaliposhika kasi yeye ndiye aliyeyasimamisha.

"Subirini, subirini. Goti limebaki kule."

"Bi Vernetta, ni mguu wa kulia!"

"Huu ni wa kulia. Ni wa kulia wangu, mzee, unakuja taratibu."

Lakini mikono yake haikukosea. Wasichana wa mstarini walishangaa jinsi alivyoshika pigo la viganja mara ya kwanza tu alipoonyeshwa, na hakuwaambia kwamba hakuonyeshwa chochote kipya. Aprili walivuka. Walisimama uwanjani wamefunikwa nyuso kwa vitambaa vya kijivu, umati umejaa hadi juu ya paa la maktaba, na vitambaa vilipoondolewa na Vernetta akaonekana, wale aliowahi kuwapeleka shule walipiga kelele zilizomfanya mkuu wa chuo atoke ofisini. Kisha dada wakubwa wakaita, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Vernetta Tolliver akaitika, "Kee! Kee!" kwa haki yake. Treasure alilia, kama ilivyotarajiwa. Vernetta alicheka tu, mdomo wazi, mikono juu, akacheka mpaka koti lake jipya la rangi ya chungwa likalowa jasho.

Furaha hiyo ilikuwa ya kweli na ilimkaa. Benchi alilikalia sasa kila siku, viatu nje, bila kuomba radhi. Lakini kanga hazai ugenini, na kuna usiku alipoota ngoma alikuwa na wale wa zamani, na mbele yake mgongo wa Charlesetta. Asiyekuwepo na lake halipo, alijikumbusha. Nafasi yake kwa wale sita ilizibwa siku ileile alipopanda basi.

Oktoba ilipokaribia, Treasure alimuuliza atavaa nini Siku ya Kurejea.

"Sitakuja, mwanangu. Jumamosi hiyo naosha basi."

"Bi Vernetta," Treasure alisema. "Umestaafu. Huna basi."

Ni kweli, hakuwa na basi. Zaniyah alikuja mwenyewe kumchukua asubuhi hiyo, akasimama mlangoni na koti la Vernetta mkononi, akalishika wazi kama anavyovalishwa mtoto.

Uwanja ulikuwa umefurika. Moshi wa mbavu za nguruwe, matarumbeta ya bendi, akina baba wazee waliovaa rangi za vyama vyao wakitaniana kuhusu matumbo. Nyuma ya maktaba Kanga walikuwa wengi kama mchanga, wa kila umri, wakikumbatiana na kupiga mayowe. Vernetta alijibanza nyuma ya umati akiwa na watoto wake wa mstarini. Saa ya ngoma ilipofika, mistari iliitwa kwa miaka, wazee kwanza, na kila mmoja ulitoka ukacheza kidogo, ukashangiliwa, ukarudi kwenye viti.

"Mstari wa majira ya machipuo, themanini na tatu!"

Walitoka. Vernetta aliwajua mmoja baada ya mwingine hata kabla hajaziona nyuso. Mmoja alikuwa na fimbo, mwingine goti limefungwa bandeji, na wa tatu alikuwa Charlesetta, nywele nyeupe zimekatwa fupi, anatembea kama mtu aliyeinunua Alabama. Wakajipanga kwa kimo, bega kwa bega, wameuelekea umati. Moja, mbili, tatu. Halafu pengo. Halafu tano, sita, saba.

Lilikuwa pengo la upana wa mtu. Hakuna aliyelisogelea.

"Nani amefariki?" Vernetta alinong'ona, moyo umemshuka.

"Hakuna aliyefariki," alisema Zaniyah kando yake. "Kila mwaka wanasimama hivyo. Mimi nilipoingia nikauliza, nikaambiwa namba nne yuko njiani, amechelewa kidogo tu."

Vernetta alimshika mkono kwa nguvu. "Na hukuniambia! Tangu Februari!"

"Haikuwa habari yetu kuisema, kwako wala kwao, Bi Vernetta. Tena ningekwambia, ungeosha basi la jirani."

Hapo Charlesetta aliinua kidevu chake, vilevile kama siku ile dukani, akaita. "Kerekekeee!"

Kanga wote uwanjani waliitika kwa pamoja, mlio ukagonga ukuta wa maktaba ukarudi. Vernetta naye alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Koo lilikuwa limekumbuka kumeza. Uwanja ukatulia, wanawake sita wakainua miguu kuanza ngoma, na katika kimya hicho, kutoka nyuma kabisa, peke yake, imechelewa, ile sauti iliyozima fujo kwa miaka thelathini ikatoka.

"Kee! Kee!"

Mguu wa Charlesetta ulibaki hewani. Kisha ukashuka taratibu. Hakutafuta kwa macho. Aliita tena, kwa sauti ya chini sasa, kama anayemwita mtu chumba cha pili.

"Kerekekee?"

"Kee, kee," alisema Vernetta, na watu wakaanza kumpisha.

Alipita katikati yao kwa koti lake jipya, magoti yakilia, akasimama hatua mbili mbele ya wale sita. Walikuwa wamemkodolea macho. Charlesetta alikuwa wa kwanza kupata mdomo wake, ambao kwa kweli haukuwahi kupotea mbali.

"Nilikuita dukani."

"Nilikusikia, Setta."

"Hukuitika."

"Sikuwa nimevuka. Ningeitikaje mwito usio wangu? Nilidhani unamwita dada mwingine."

"Mwingine nani!" Charlesetta alipaza sauti hadi bendi ikasita. "Dukani kulikuwa na mimi, na wewe, na sukuma wiki! Nilikuona umeinama, shoga, na huo urefu wako, kitako chote nje! Nikasema ana haya, ngoja nimwite kwa mwito wetu ajue yeye ni wetu. Ukakimbia! Nikarudi nyumbani nikalia wiki nzima. Nikasema Vernetta ametukataa."

"Mimi niwakatae? Nilijua mmenikataa ninyi. Niliwavunjia mstari."

"Mstari upi umevunjika?" Charlesetta alinyoosha kidole kwenye pengo lile kando yake. "Huu hapa. Mwaka kwa mwaka wajinga hawa wananiuliza, tusogee? Nawaambia msisogee."

Vernetta alilia sasa, bila kuficha, mbele ya nusu ya wilaya. Alishika kifua cha koti lake penye namba. "Nimeapishwa na watoto, Setta. Mimi ni namba tano."

"Hiyo tano ni ya watoto, ivae na uringe nayo. Hapa wewe ni nne. Ingia, magoti yangu hayana subira."

Aliingia. Haikuwa rahisi, kwani pengo lilipimwa kwa msichana wa miaka kumi na tisa, na namba tano ilibidi ajisogeze kidogo huku akinung'unika kwamba mtu anapotea mwembamba anarudi hivi. Charlesetta akahesabu. Miguu saba ya kulia ikainuka, mingine juu, mingine chini sana, na vishindo vikaanza. Vernetta hakufikiri. Viganja vyake vilikuwa vimesubiri kuliko yeye.

Likaja pigo la mwisho. Moja kwa mbili, mlio. Mbili kwa tatu, mlio. Charlesetta alipeleka mkono kando kama alivyoupeleka kila mwaka tangu ujana wake, kwenye hewa tupu, kwa mazoea tu, na mkono ukakutana na kiganja.

Aliganda. Yeye ambaye hakuwahi kukosa mdundo hata siku moja alisimama akiukodolea macho mkono wake ulioshikwa, na pigo likafia palepale, namba tano akiwa amenyoosha kiganja chake bure.

"Setta," namba moja aliita kutoka mbele. "Umetuharibia."

"Najua," alisema Charlesetta, akijifuta uso kwa bega kwa sababu mkono wa Vernetta hakutaka kuuachia. "Tuanze tena."

Wakaanza tena kutoka mwanzo, wote saba.